Kisanduku Kisicho na Hapana

Jambo lenyewe lilianza dogo sana. Kompyuta iliongea Kiswahili.

Katika saiba ya Mzee Gathogo, duka lake la kompyuta pale Huruma, mashine zote zilijua Kiingereza peke yake. Zilikwama kwa Kiingereza, zikakataa kwa Kiingereza, na zikiomba radhi, ziliomba kwa Kiingereza. Kwa hiyo asubuhi ile, Kavetsa alipokuwa akimchapia mteja barua ya kuomba kazi, na katikati ya skrini kikachomoza kisanduku cheupe chenye neno moja tu, "Hodi", aliinua vidole kutoka kwenye kibodi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Chini ya neno hilo kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilikuwa kikubwa, cha buluu: "Karibu". Kingine kilikuwa kidogo, cha kijivu: "Baadaye".

"Mzee," akaita kwa sauti ya chini, "kuja uone kitu."

Gathogo alikuwa ameinamia mashine ya fotokopi, mikono myeusi kwa wino. "Ni nini? Imekwama?"

"Inapiga hodi."

"Inapiga nini?" Akacheka. "Ai, Mama Joy! Hizi mashine zina maswali kuliko mama mkwe. Unataka kuapdeti? Umekubali masharti? Una uhakika? Una uhakika kweli? Wewe bonyeza tu uendelee. Mteja anangoja."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya duka. Visanduku havikusomwa. Vilikuja kama nzi, vikafukuzwa kama nzi, kwa kubonyeza kile kitufe kikubwa kinachong'aa. Ukikaa kuvisoma, mteja anavuka barabara na kwenda kwa jirani.

Hata hivyo Kavetsa alijaribu kwanza kile kialama cha kufungia kisanduku, kwenye kona. Alipokifikia na mshale, kikasogea. Akakifuata. Kikasogea tena, kama kuku aliyekwisha kuona kisu. Mteja akakohoa, kisha akatazama saa yake, kisha akamtazama Kavetsa.

Kavetsa hakuwa mtu wa kukataa. Tangu utotoni neno "hapana" lilikuwa likimkwama kooni, na badala yake alijifunza kusema "baadaye", akitumaini kwamba watu wataelewa wenyewe. Na kwao Maragoli alifundishwa kwamba hodi huitikiwa kwanza, sura ya mtu hutazamwa akishaingia. Akabonyeza "Karibu".

Kisanduku kikatoweka. Feni iliyokuwa ikivuma ndani ya mashine ikashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, akaufikisha, akautua. Kisha ikaja harufu. Haikuwa harufu ya Huruma, ya mitaro na chapati na vumbi la mbao. Ilikuwa harufu ya misonobari iliyolowa ukungu, na ya udongo baridi usiowahi kuona jua.

Nyuma ya kaunta, kwenye kigodoro chake, Joy, mtoto mchanga wa Kavetsa, akaacha kucheza na kijiko. Alikuwa bado hajajua kukaa bila kuegemezwa. Akageuza kichwa polepole, akafuata kwa macho kitu kilichopita kutoka mlangoni hadi ukutani.

Huyo Joy ndiye aliyekuwa roho ya mama yake. Mabonga, mumewe Kavetsa, alikuwa kwenye mjengo, kazi ya ujenzi, Kitale na alirudi mara chache. Kati ya waajiri wote wa mji ule, ni Gathogo peke yake aliyekubali afanye kazi na mtoto akiwa miguuni pake. Kwa sababu hiyo Kavetsa hakupenda kulalamika. Angesema nini? Kwamba kompyuta ina adabu?

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba. Gathogo aliinunua juzi juzi kutoka kwa mwanamke mmoja wa Timboroa aliyekuwa akifunga saiba yake, na alirudi akijisifu jinsi alivyoipata kwa bei ya kutupa.

Kesho yake kisanduku kikarudi.

"Naomba kiti."

"Sawa." "Baadaye."

Kavetsa akabonyeza "Baadaye". Kikaondoka, kikarudi. Akabonyeza tena. Kikaondoka, kikarudi katikati ya kazi ya mteja na kumeza ukurasa mzima aliokuwa ameuchapa. Kila kiliporudi, ile "Baadaye" ilikuwa imefifia zaidi, hadi akalazimika kuinamisha kichwa upande ili aione, kama anayetafuta uzi mweupe kwenye shuka nyeupe. Halafu, alipokuwa akielekeza mshale mahali pa kuhifadhia kazi, kidole tayari kimeanza kushuka, kisanduku kikaruka na kujiweka chini ya mshale. Kidole kikatua juu ya "Sawa".

Ukutani kulikuwa na kiti cha plastiki cha kungojea. Kikatoa mlio. Miguu yake ikapanuka kidogo, kama inavyopanuka kikikaliwa na mtu mzito.

Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyekaa pale zaidi ya dakika. "Mama, hiki kiti kimeloa," walisema, wakijipangusa. Kavetsa alikikausha kwa kitambaa. Maji yalirudi, baridi kama umande.

"Mzee," alinong'ona jioni wakifunga, "kuna mtu humu."

"Wapi?"

"Pale kwa kiti."

Gathogo akatazama kiti, akamtazama yeye. "Mama Joy, unalala vizuri kweli? Mtoto mdogo anachosha."

"Ameomba kukaribishwa. Leo ameomba kiti. Mgeni akishakaa huomba nini?"

"Maji," Gathogo akajibu bila kufikiri, kisha akatikisa kichwa, akacheka, akafunga kufuli.

Lakini siku iliyofuata ni yeye mwenyewe aliyebonyeza. Alikuwa amekalia ile mashine, simu begani, akibishana na fundi wa printa, na kisanduku kilipochomoza akakipiga "Sawa" bila kukitupia jicho. Kavetsa aliona maneno kabla hayajafutika. "Naomba maji." Kando ya skrini kulikuwa na bilauri yake ya maji, imejaa. Akasimama akiitazama. Maji yakashuka polepole, kwa mafunda, na kati ya funda na funda feni ilitulia kidogo, halafu ikaendelea. Maji yalipokwisha, kwenye ukingo wa bilauri palibaki alama ya mvuke, ya midomo myembamba.

Gathogo akakata simu, akaona uso wa Kavetsa, akafuata mahali macho yake yalipokuwa. Hakucheka.

"Labda imevuja," akasema.

"Mzee, meza ni kavu."

"Nyamaza kwanza. Wateja watasikia."

Siku ya mvua ya mawe ndiyo iliyokuwa mbaya. Gathogo alikuwa ametoka kununua karatasi. Mawingu yalishuka mchana hadi mtaa ukawa kama jioni, na mabati yakaanza kupigwa kwa kishindo ambacho mtu hawezi kusikia hata mawazo yake. Stima ikapotea. Mashine zote zikafa kwa pamoja, moja ikilia kidogo kama paka.

Ile ya Timboroa haikufa.

Ilibaki inawaka peke yake gizani, na mwanga wake mweupe ukatambaa juu ya kaunta, ukashuka hadi kwenye kigodoro. Kisanduku kilikuwa tayari kikingoja.

"Naomba kumpakata mtoto."

Kavetsa alihisi maziwa yakimganda kifuani. Alibonyeza "Baadaye". Kikarudi, kikubwa zaidi. Akabonyeza "Baadaye". Akashika kitufe cha kuzima mashine na kukibana hadi kidole kikauma, na skrini ikamwandikia kwa upole, "Haiwezi kuzimwa kwa sasa. Mgeni bado anakunywa." Akapiga magoti chini ya meza, akapapasa kati ya nyaya na vumbi na utando wa buibui, akaipata waya yenyewe na kuing'oa, akainuka nayo mkononi, kichwa chake cha chuma kikining'inia, na mwanga ukawa bado upo, na kisanduku bado kipo, na sasa vile vitufe viwili vilikuwa vimebadilika, vyote vikubwa, vyote vya buluu, kimoja kikisema "Sawa" na kingine kikisema "Sawa", na alipokuwa bado anatafuta kwa macho, kona hadi kona, mahali popote pa kusema asivyotaka, kishindo cha mawe juu ya bati kikakatika ghafla kama kilichokatwa kwa panga, na katika ule ukimya akasikia mtoto wake akicheka.

Hakuwa amebonyeza. Aligeuka.

Joy alikuwa amekaa. Yule mtoto asiyejua kukaa alikuwa amekaa wima, mgongo wake umeegemea hewa, kisogo chake kimetulia juu ya kitu kama kifua cha mtu. Sweta lake la manjano lilikuwa limebonyea tumboni, kwa umbo la mkono uliomzunguka. Alikuwa akipembezwa, kulia, kushoto, na macho yake yakitazama juu, kwa furaha, mahali ambapo sura ingekuwa.

Skrini ikaandika, "Giza linaingia. Naomba niende naye."

Kavetsa hakusoma vitufe. Alimnyakua mwanawe, akahisi ule mkono ukichelewa kuachia, akatoka mbio kwenye mvua.

Mama Apondi, muuza dagaa za omena pale kona, alikuwa chini ya karatasi yake ya plastiki akizuia mabeseni yake yasijae maji. Siku za ibada huyu alivaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani, na watu wenye nyumba zenye matatizo walimwita kabla ya kumwita mtu mwingine. Alimshika Joy, akamnusa shingoni.

"Huyu mtoto ametoka wapi? Ananuka msitu."

Kavetsa alieleza yote. Gathogo, aliyekuta duka wazi, akaja akikimbia na bunda la karatasi limeloa kichwani, akasikiliza mwisho wa maneno.

"Ulimjibu nini?" Mama Apondi akauliza. "Kuhusu mtoto. Ulimjibu nini?"

"Baadaye. Nilisema baadaye, mara nyingi."

Yule mama akafumba macho. "Woi, mwanangu. Baadaye si hapana. Baadaye ni ahadi. Ulimwambia baadaye, akangoja kidogo, baadaye ikafika, akampakata."

"Hakukuwa na hapana! Kile kisanduku hakina hapana!"

"Hakina kwa sababu yeye ndiye amekitengeneza. Unafikiri mwizi akichora nyumba yako atachora kufuli? Kuna majini huvunja mlango. Hayo ni rahisi, nayafukuza hata nikiwa na mabeseni yangu. Na kuna yale hupiga hodi. Hilo lina ruhusa yako, neno kwa neno." Akamgeukia Gathogo. "Na wewe, Mzee, hii mashine uliitoa kwa nani?"

Gathogo akapangusa uso. "Kwa mama fulani Timboroa. Nikiibeba, nyuma yake kulikuwa na soksi ya mtoto imenasa kwa waya. Nikamwuliza, mwenye soksi yuko wapi, nimpe? Akaniambia, 'Alienda kutembea.'" Akalitua bunda la karatasi chini. "Nilidhani ni kwa nyanya yake."

Mvua ilianza tena, sasa nyembamba.

"Basi sikilizeni," Mama Apondi akasema. "Mgeni uliyemkaribisha mwenyewe hafukuzwi. Ukimfukuza anageuka kuwa mwenye nyumba. Mgeni husindikizwa. Mtamfungia cha njiani, mtamrudisha alikotoka, na wewe Mama Joy utamuaga kwa mdomo wako. Mdomo, si kidole. Na akiomba tena mtoto, utasema hapana."

"Nitasema."

"Sema sasa nisikie."

Kavetsa akafungua mdomo. "Ha..." Neno likakwama pale lilipokwama siku zote.

"Haya, tutalitafuta njiani," Mama Apondi akasema, si kwa ukali. "Na jambo la mwisho. Wageni wenye adabu wakiagwa, na wao hukukaribisha kwao. Hapo usijibu. Si ndiyo, si asante, si tutaona. Mdomo wako uwe jiwe."

Asubuhi walimpeleka mgeni wao. Gathogo aliendesha pikapu yake, mashine na skrini zimefunikwa gunia nyuma, pamoja na kifurushi cha ugali na omena. Mama Apondi alikuwa katikati akiimba zaburi kwa sauti ya chini, na Kavetsa amemfunga Joy kifuani kwa leso mbili, kwa sababu hakuthubutu kumwachia mtu. Baada ya Burnt Forest ukungu ulianza, na walipokaribia Timboroa taa za mbele ziliangaza ukungu mtupu, mweupe kama maziwa. Wakashuka mahali njia ndogo inapoingia msituni. Gathogo akabeba mashine, Kavetsa skrini, wakaziweka juu ya majani chini ya msonobari, na kifurushi kando. Hakuna waya iliyounganishwa na chochote.

Skrini ikawaka.

"Nimekaa vizuri kwenu. Naomba niende naye."

Harufu ikawa nzito kiasi cha kuonja. Joy akaanza kucheka chini ya leso, na Kavetsa akahisi kitu kinavuta mafundo mgongoni mwake, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayesaidia mama aliyechoka kutua mtoto, na fundo la kwanza likalegea, na Mama Apondi akapaza zaburi, na Gathogo akawa analia "Yesu, Yesu" kama mtoto, na ndipo lile neno lililokaa kooni tangu akiwa msichana likapanda lenyewe, kubwa, la kupasua.

"Hapana!"

Msitu wote ukasikia.

"Hapana. Mtoto ni wangu. Asante kwa kututembelea. Chukua chakula chako, uende kwenu."

Skrini ikabaki na mwanga kwa muda, kama mtu anayefikiri. Kisha ikazimika. Feni ikashusha pumzi, na haikuivuta tena.

Walirudi kwenye gari bila kutazama nyuma, wameshikana mikono, Gathogo akicheka na kulia pamoja. Kavetsa alikuwa mwepesi kama aliyetoka kujifungua. Karibu na barabara wakapishana na mwanamke mzee akitoka kwenye ukungu na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama wanavyobeba wanawake wa huko.

"Mmetoka kusindikiza mgeni?" akauliza kwa upole.

"Ndiyo, Mama," Kavetsa akasema.

"Ni vizuri. Na nyinyi siku moja mtutembelee. Mje na huyo mdogo."

"Sawa, Mama. Baadaye."

Mama Apondi akasimama. Mkono wake ukakaza kwenye mkono wa Kavetsa hadi ukauma.

"Umemjibu nani?" akanong'ona.

Kavetsa akageuka. Hakukuwa na yule mwanamke, wala kuni, wala nyayo kwenye matope isipokuwa zao.

Mwaka umepita. Kavetsa bado yuko kwa Gathogo, na visanduku vyote anavisoma, neno kwa neno, mteja akohoe asikohoe. Simu yake ya skrini aliiuza baada ya usiku ilipomwandikia, "Siku imefika?" Sasa ana kabambe, simu ndogo ya vitufe, inayojua kupiga na kupokea tu. Kila penye kioo kinachogusika humweka Joy mbali. Mama Apondi huja kuomba kila Jumamosi, na akimaliza hasemi kwamba imekwisha.

Joy ameanza kutembea. Anasema mama, anasema maji, anasema hodi. Ni mtoto wa kusaidia. Ukifagia naye anashika majani mawili anafagia, ukianika naye anakupa vibanio.

Mchana huu Kavetsa alikuwa uani akifua, mikono imezama kwenye povu, na Joy alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha Jeruto, jirani yao mpya. Jeruto alikuwa msichana mwema, mwenye haraka, hajaambiwa kitu.

"Mama Joy!" akaita kutoka ndani. "Nimempa simu aangalie katuni, alikuwa anasumbua. Lakini hii simu yangu leo ina nini? Imeanza kuongea Kiswahili."

Kavetsa alipindua beseni akikimbia.

Simu ilikuwa mapajani mwa mtoto. Kisanduku cheupe. "Siku imefika?" Kitufe cha "Ndiyo" kilikuwa kimejaa nusu ya kioo, na hakikuwa cha buluu tena. Kilikuwa cha manjano, manjano ya lile sweta la Joy alilolipenda hata baada ya kumkaa dogo. Kilikuwa chini kabisa, pale kidole cha mtoto kinapofika. Juu, kwenye kona, kwa maandishi kama ya sisimizi, ilikuwepo "Baadaye".

Kavetsa akaibonyeza. Haikusikia. Mikono yake ilikuwa na maji na sabuni, na kioo hakisikii kidole kilicholowa. Akajifuta kwenye rinda, rinda nalo limeloa. Akabonyeza tena. Akashika simu aipokonye, ikateleza kwa povu, ikarudi mapajani mwa mtoto. Harufu ya misonobari ilikuwa imekwisha kuingia uani.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana, hapana." Lakini safari hii hakuwa yeye aliyeulizwa.

Joy akamtazama mama yake akihangaika. Akatazama simu. Kisha, kwa vile alipenda kumsaidia, akanyoosha kidole chake kidogo, kikavu.